Kumpima Mtoto Asiyesema

Tangu shule ya msingi ya serikali nchini Kongo (DRC) iwe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na wapo wanaosema mwalimu wa Kolwezi, mkoani Lualaba, hana nafasi ya kumpima peke yake mtoto asiyesikia au asiyesema vizuri. Lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa. Mtoto huyo akianguka, tutajuaje kama kilichomshinda ni hesabu au lugha? Apewe vijiwe ahesabu, picha aonyeshe kwa kidole, maelezo kwa Kiswahili cha nyumbani. Wengine wataita upendeleo. Sivyo: swali ni lilelile, njia ya kujibu ndiyo imebadilika. Sheria ya Mei 2022 kuhusu watu wenye ulemavu ipo. Mafunzo ya walimu ndiyo yanayosuasua, na Lualaba yenye kobalti hii yote haiwezi kusingizia umaskini.