Mwalimu wa Timu ya Taifa Achaguliwe Vipi?

Haya ni maneno yaliyosemwa Jumapili iliyopita mbele ya wanachama na vijana waliokusanyika kuzungumza habari za michezo ya taifa.



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo wengine wenu mtaliona dogo, nalo ni kumchagua mwalimu mkuu wa timu yetu ya taifa ya raga. Hatakosekana wa kuniuliza, "Mzee, bei ya unga imepanda, nawe watuletea habari za mpira wa kubeba mikononi?" Nitamjibu hivi: timu ya taifa huvaa bendera yetu. Na jinsi tunavyomchagua mtu wa kuiongoza ndivyo tunavyomchagua meneja wa chama cha ushirika, mkuu wa shule, na hata diwani. Tukizoea kukosea hapa, tutakosea na kule.

Raga ililetwa Kenya na Waingereza. Vilabu vya kwanza vilikuwa vyao na viwanja vilikuwa vyao. Leo vijana wetu wameuchukua mchezo huo wakaufanya wao, hasa ule wa watu saba kila upande, na timu yao twaiita Shujaa. Kwa hiyo kila kiti cha mwalimu kinapokuwa wazi, swali la kwanza midomoni mwa watu ni hili: tumlete mgeni, au tumpe mwenyeji?

Ndugu zangu, mimi nasema swali hilo si la kwanza, na sababu nitazieleza.

Yatazameni yaliyopita. Mwaka 2009, huko Dubai, mwalimu alikuwa Benjamin Ayimba, mwana wa nchi hii aliyepata kuwa nahodha wa timu ya taifa. Vijana wake waliifunga Fiji, wakaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2011 kazi ikatoka mikononi mwake. Mwaka 2012 akaletwa Mwingereza, Mike Friday. Msimu wa 2012–13 ulipokwisha, Kenya ilikuwa ya tano duniani, na mwaka 2013, mjini Moscow, tukaingia tena nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka ule ule Friday akaenda zake. Akaja Paul Treu wa Afrika ya Kusini, naye mwaka uliofuata akaondoka. Mwaka 2015 akaitwa tena Ayimba. Tarehe 17 Aprili, 2016, huko Singapore, timu yake iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali, tukatwaa kombe letu la kwanza katika mfululizo wa mashindano ya dunia. Na Fiji ile haikuwa timu ya mzaha: miezi minne baadaye ilichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Sisi huko Rio tulitoka wa 11, na kabla ya mwaka kwisha Ayimba hakuwa mwalimu tena.

Haya, niambieni. Mwenyeji alishinda, na mgeni alishinda. Mwenyeji aliondoka, na mgeni aliondoka. Basi ugonjwa wetu si rangi ya mwalimu wala pasi yake ya kusafiria. Ugonjwa wetu ni pupa. Tangu 2012 hata 2023 timu hii ilipita mikononi mwa walimu wasiopungua wanane. Je, mkulima ang'oaye muhogo kila wiki kutazama kama mizizi imenenepa, atavuna nini? Wazee walisema, mchagua nazi hupata koroma.

Liko na jambo la pili, nalo ni la aibu zaidi. Mwaka 2018, chini ya Innocent Simiyu, mwenyeji, timu iliingia fainali mbili, Vancouver na Hong Kong. Juni mwaka ule, mjini Paris, wachezaji wakayafunika maneno ya mfadhili kwenye jezi zao, wakilalamikia posho. Kabla ya mwaka kwisha, mwalimu huyo naye hakuwa kazini. Msimu uliofuata wachezaji wengi wa siku nyingi hawakuonekana, na timu ikaponea chupuchupu kushuka daraja. Wako wasemao vijana walikosa adabu. Wako wasemao walidai haki yao. Mimi nauliza hivi: mwalimu atamwambia nini kijana akimbie zaidi, ikiwa kijana huyo hajui nauli ya kurudia nyumbani itatoka wapi? Ukimweka mwalimu katikati ya wachezaji wasiolipwa na viongozi wasiojibu, hata awe bingwa wa dunia nzima, atashindwa.

Ilipofika Mei 2023, mjini London, chini ya Mwingereza Damian McGrath, timu ikashuka daraja kweli. Akaja Kevin Wambua, mwenyeji. Mwaka ule ule, huko Harare, vijana wakaifunga Afrika ya Kusini katika fainali ya Afrika, wakapata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Na Juni 2024, mjini Madrid, wakarudi katika daraja la juu. Nawaona baadhi yenu mnapiga makofi. Makofi ni halali, lakini msije mkadhani nimesema mwenyeji hutosha kwa kuwa ni mwenyeji tu. England, wenye mchezo wao, waliposhindwa vibaya nyumbani kwao katika Kombe la Dunia la mwaka 2015, walimwita Eddie Jones kutoka Australia, na mwaka uliofuata wakawafunga majirani zao wote. Hawakuona haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mgeni huyo aje kwa sharti. Tazameni Fiji. Alikuwako Ben Ryan, Mwingereza, aliyewapa dhahabu ya mwaka 2016. Nahodha wake siku ile alikuwa Osea Kolinisau, mtoto wa Fiji. Mwaka 2024 Kolinisau huyo huyo alikuwa ndiye mwalimu mkuu, akaifikisha Fiji kwenye fedha ya Olimpiki mjini Paris. Hapo ndipo penye faida ya mgeni: aondokapo, amwache mwenyeji anayeijua kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la mwalimu mgeni ni kumfundisha mwalimu wetu.

Sasa nije kwa wale wasemao, "Twataka mtu wetu." Nami nataka mtu wetu. Lakini wengine wakisema "wetu" maana yake ni wa kabila letu, wa shule tuliyosoma, au wa klabu yangu niliyoichezea. Huyo si mtu wetu, huyo ni mtu wako. Hatukukataa kutawaliwa na klabu ya wageni ili tuje tutawaliwe na klabu ya marafiki.

Na tukimchagua mtu wetu, tumchague kwa moyo mmoja. Mwaka 2008 Afrika ya Kusini walimpa Peter de Villiers timu yao, wa kwanza asiye Mzungu kuishika. Lakini siku ya kumtangaza, rais wa chama chao alikiri hadharani kwamba hawakuamua kwa mambo ya raga peke yake. Walimpa kazi kwa mkono wa kulia, wakamnyang'anya heshima kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2009 mtu huyo aliwafunga Simba wa Uingereza na Ireland, akatwaa na kombe la mataifa matatu ya kusini.

Basi swali la kwanza ni lipi? Ni hili: tumejiandaa kumpa nini mwalimu huyo? Kabla ya jina lolote kusomwa, wenye kuchagua waandike kazi yenyewe na kipimo chake, wakitangaze, wananchi wakijue. Fedha za mshahara wake na posho za wachezaji ziwekwe kando mapema. Apewe miaka minne, Olimpiki hata Olimpiki, asihukumiwe kwa Jumamosi moja mbaya. Akiwa mgeni, awe na msaidizi mwenyeji, na mkataba useme wazi kwamba atamfundisha. Hayo yakiwa tayari, mlango ufunguliwe kwa wote, na ashindaye kwa kipimo apewe. Nina imani mara nyingi atakuwa mwana wa nchi hii, wala hatahitaji kubebwa.

Nimalize. Benjamin Ayimba alifariki dunia Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 44. Tulimlilia sana, tukakumbushana kombe la Singapore, kila mtu akasema hapakuwa na mwalimu kama yeye. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini alipokuwa hai tulimwondoa na kumrudisha, kisha tukamwacha aende. Mwalimu ajaye, ndugu zangu, awe nani awe nani, tumpe muda wake na haki yake angali hai.