Nane ya Kwenye Kadi

(Muziki unapungua. Mtangazaji.)

Kama uko kwenye foleni ya maji, sikiliza ukiwa umesimama hapohapo. Kama uko hangarini, ongeza sauti kidogo ili na jirani asikie. Na wewe utakayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo, karibu pia.

Leo sina mgeni wa kuhoji. Leo nakusimulia kosa langu mwenyewe. Nilimwomba Mama ruhusa, akasema: "Simulia. Lakini usijipunguzie."

Mama ana presha, ile wengi wetu tunaiita tansio. Alianza kumeza vidonge tukiwa bado Bukavu. Tulipovuka kuja huku Rusizi, vidonge vilibaki nyumbani pamoja na vyombo. Kliniki ya hapa kambini ilimpima, ikampa dawa za kuanzia, ikamwandikia transferi aende hospitali daktari amwone. Kwenye kadi ya randevu waliandika: Jumanne, 8h00.

Mama hajui kusoma, lakini masikio yake ni mazima. Aliniletea kadi akasema, "Muuguzi amesema saa mbili asubuhi." Nikaitupia jicho, nikaona nane. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Imeandikwa nane. Ni saa nane mchana." Mimi mwenye diploma ya serikali. Mimi ninayekutangazia saa kila jioni. Mama akanyamaza.

Sasa sikiliza Jumanne hiyo ilivyokuwa. Saa kumi na moja alfajiri niko bombani na bidoni mbili. Saa moja nawapikia wadogo zangu uji. Saa mbili niko kwenye foleni ya sabuni, nimeshika karatasi ya familia. Saa nne nina watu wawili wa kuwahoji kwa kipindi. Asubuhi yote ilikuwa imejaa, na mchana ulikuwa wazi. Ndiyo maana leo nakuambia ukweli: shuleni nilisoma saa za namna hiyo miaka yote, najua 8h00 ni asubuhi. Lakini siku ile nilisoma kile nilichotaka kusoma.

Hata gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka asubuhi, na hilo halikunishtua. Nikaomba ruhusa getini, nikakopa nauli ya pikipiki mbili, tukaenda. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

Tulifika saa saba na nusu. Nikajisifu kwamba tumewahi. Tukakaa kwenye benchi. Saa nane ikapita. Saa tisa nikaenda dirishani. Mtu wa kupokea kadi akaitazama, akasema, "Huyu aliitwa asubuhi. Aliitwa mara tatu." Nikapandisha sauti: kadi imesema nane! Akaweka kalamu juu ya ile namba, akaniuliza, "Na saa nane ya mchana huwa tunaiandikaje?" Kumi na nne. Nilijua jibu. Nilikaa kimya.

Akasema daktari yule anakuja Jumanne tu, na Jumanne inayofuata imejaa. Turudi baada ya wiki mbili. Nikataka kumweleza kwamba tumetoka kambini, kwamba nauli ni ya kukopa. Akafunga dirisha. Hakumuuliza Mama kama bado ana vidonge. Nilikasirika sana kwa hilo. Lakini, ndugu msikilizaji, mimi pia sikumuuliza.

Tulipokuwa tunarudi, tulisimama kidogo mahali unapoona ziwa Kivu, na Bukavu ng'ambo ile. Mama akakitafuta kwa macho kilima cha Kadutu. Akasema, "Tumetoka kule wazima, mwanangu. Tusije tukafa kwa sababu ya nane." Akacheka. Mimi sikucheka. Hakuniambia hata mara moja kwamba yeye ndiye alisema saa mbili. Afadhali angesema.

Vidonge vilibaki vya siku nne. Viliisha, na hakumwambia mtu. Aliona nina kazi nyingi, tena alijisikia vizuri. Baada ya siku chache, akiwa bombani, kichwa kilimzunguka akakaa chini na bidoni ikamwagika. Mhudumu wa afya wa jamii ndiye aliyemshika mkono hadi kliniki. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Wakampa vidonge siku hiyohiyo. Bila transferi, bila randevu. Dawa zilikuwapo muda wote, hatua chache kutoka hangari letu. Sisi tulidhani mlango ni ule mmoja wa hospitali, na ulipofungwa tukakaa kusubiri.

(Muziki mfupi.)

Kwa hiyo, kabla hujalala leo, toa kadi yako uitazame.

Kuanzia 7h hadi 18h, ondoa sita, utapata saa tunazozisema. 8h00 ni saa mbili asubuhi. 10h00 ni saa nne. 14h00 ni saa nane mchana. Ukipewa kadi, usiondoke kabla hujauliza: "Ni asubuhi au mchana?" Na kama aliyesikia na aliyesoma hawakubaliani, rudini kliniki mkaulize. Usishinde kwa sababu tu wewe ndiye uliyesoma shule.

Randevu ikikupita, dawa isikatike. Hesabu vidonge. Vikibaki vya wiki moja, nenda kliniki ya kambi au mwambie mhudumu wa afya wa jamii. Usimeze viwili kufidia ulichokosa, wala usiazime vya jirani. Presha yake na yako zinaweza kuhitaji dawa tofauti.

Usisubiri uumwe. Presha huwa haina kelele: Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kwamba wanayo. Ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kila ukipimwa, hiyo tayari ni presha, hata kama unabeba bidoni bila shida.

Lakini ukiona mdomo wa mtu umepinda, mkono umelegea ghafla, maneno hayatoki, au kifua kinabana, hapo hakuna cha randevu. Ni saa hiyohiyo, usiku au mchana. Namba ya ambulansi hapa Rwanda ni 912, na haitozi pesa.

Na wewe unayesubiri basi la kwenda Mahama: kadi yako isiingie kwenye mzigo wa juu. Iwe mkononi, pamoja na vidonge. Safari ni ya kukata nchi nzima, magharibi hadi mashariki, na huko wataanza kwa kukuuliza ulikuwa unameza nini.

Mama alirudi hospitali Jumanne ya pili. Safari hii aliondoka na gari la asubuhi, na kadi aliishika mwenyewe. Daktari alimwona saa tano. Nilikosa sabuni siku hiyo, na mahojiano yangu nikayafanya kesho yake. Hakuna aliyeumia kwa hilo.

Sasa hangarini kwetu watu wakipata kadi wananipa mimi niisome. Naisoma. Halafu Mama ananiuliza mbele yao wote, "Asubuhi au mchana?"

Sasa ni saa kumi na mbili na dakika tano jioni. Kwenye kadi wangeandika 18h05.

(Muziki.)