Trela la Boti Likigeuzwa Kubeba Kwadi: Gonga Nyundo Kabla ya Kuchomelea

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya mafundi wa juakali na vijana wanaokodisha pikipiki za magurudumu manne, mjini Malindi, Kaunti ya Kilifi. Tunayachapisha kwa sababu wakazi kadhaa wameomba maandishi yake.

 

Naanza kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza maswali. Lakini jambo la leo lilinipata mwenyewe, ndipo nikaanza kuuliza.

Mjomba wangu alikuwa na boti ya kupeleka watalii kuvua. Boti ilioza, trela likabaki nyuma ya nyumba, kuku wakilala chini yake. Binamu yangu alipoanza biashara ya kukodisha kwadi, aliona mali imelala. Akang'oa rola, akaweka mbao, akapeleka kwa fundi akaongezewa kipande nyuma ili kwadi ya tatu ipate nafasi. Kazi ya siku mbili. Tukamsifu.

Siku moja alinipa lifti kuelekea Marafa. Tulipokaribia daraja la Sabaki, trela likaanza kucheza mkia. Kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Binamu akakanyaga breki, na mambo yakazidi kuharibika: mkia wa trela ukaingia upande wa pili wa barabara. Bodaboda iliyokuwa inakuja, imebeba mama na mtoto, ikakimbilia kichakani. Hakuna aliyeumia. Nyanya zilimwagika, mtoto akalia. Yule mama hakututukana. Alituangalia tu, na mimi sijasahau macho yale.

Kwa hivyo sikuja kuwaambia muache kazi hii. Kwadi zinahitaji trela. Tairi zake ni pana, za upepo mdogo, zimetengenezwa kwa mchanga na matope. Kwenye lami hazishiki vizuri na ni rahisi kupinduka kwenye kona. Kuiendesha kwenye barabara ya Mombasa ni kutafuta msiba. Kuipitisha ufuoni ili kukwepa lami nako si suluhisho, kwani kasa hutaga mayai kwenye mchanga huo huo. Trela ndilo jibu. Swali ni trela gani.

Tuanze na chumvi. Trela la boti limezamishwa baharini kila siku boti ilipoteremshwa na kupandishwa. Maji ya chumvi huingia ndani ya vyuma vya mraba na kukaa humo. Kwa nje unaona rangi nzuri, kwa ndani chuma kinaliwa. Fundi mzee alinifundisha hivi: chukua nyundo ndogo, gonga chuma chote kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilichooza kinatoa sauti ya debe bovu. Pale penye sauti mbaya, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, simama hapo hapo. Angalia pia springi, bolti zinazoshika ekseli, na beringi za magurudumu. Springi ya mjomba ilikuwa imeliwa karibu nusu, na hakuna aliyeinama kuitazama.

Tairi nazo zinazeeka hata zikiwa hazitembei. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi yenye nyufa ubavuni ibadilishwe, hata kama meno yake bado marefu.

Jambo la pili ni namna mzigo unavyokaa. Boti hulala kwenye trela kwa urefu wake wote, na vyuma vya katikati vimepinda kama herufi V ili kupokea tumbo lake. Kwadi haina tumbo. Uzito wake wote uko kwenye tairi nne, yaani sehemu nne ndogo. Kwa hivyo mbao peke yake hazitoshi. Zinahitajika boriti mpya zilizonyooka, kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine, chini ya pale tairi zitakapokaa. Weka sakafu chini kadiri inavyowezekana, maana mzigo ukiwa juu trela hupinduka upesi. Weka na kingo pembeni ili tairi isiteleze nje. Winchi ya boti msiitupe: itawavutia kwadi iliyozimika.

Hapa nina neno kwa mafundi wa kuchomelea. Matrela mengi ya boti yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta huweza kupata homa na baridi usiku huo. Najua mna desturi ya kunywa maziwa. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni, havikutani. Sagueni zinki kwa grainda kwanza, mkiwa mmevaa barakoa ya kufaa, mahali penye upepo. Au bora zaidi, fungeni boriti kwa bolti. Zinki inabaki, na siku ya ukarabati mnafungua kwa spana.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo binamu yangu alipokosea. Trela huwa na bamba linaloonyesha uzito wa juu kabisa linaloruhusiwa, pamoja na uzito wa trela lenyewe. Tuseme bamba linasema kilo 1,000, na trela tupu lina kilo 250. Boriti na sakafu mpya zina kilo 120. Kwadi mbili za kilo 300 kila moja ni 600. Jumla ni kilo 970. Zimebaki 30. Kwadi ya tatu haina nafasi, hata mteja akiongeza pesa. Kama bamba halipo, msikisie. Ekseli, springi na tairi zipimwe na mtu anayejua, na kile kilicho dhaifu zaidi ndicho kiamue uzito.

Uzito ukishatosha, uwe mahali pake. Kichwa cha trela, pale linaposhikana na gari, kinapaswa kubeba takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa trela letu la kilo 970, ni kama kilo 97, mradi ndoano ya gari inaruhusu kiasi hicho. Kikiwa chepesi mno, mkia unacheza, kama ulivyocheza pale Sabaki: kwadi ya tatu ilikaa nyuma ya ekseli ikainua kichwa. Kupima ni rahisi. Pakia kwadi, weka kichwa juu ya gogo lililosimama kwenye mizani ya kupimia watu, kwa kimo kile kile cha ndoano ya gari, kisha toa uzito wa gogo. Ekseli ya trela la boti mara nyingi huwa nyuma sana kwa sababu injini ilikuwa nyuma, lakini kwenye matrela mengi imefungwa kwa bolti na inaweza kusogezwa. Sogezeni, pimeni, ndipo mkaze.

Kwa dereva: kila kwadi ifungwe kwa mikanda minne, pembe zote nne, ikazwe mpaka springi za kwadi zikae chini. Mnyororo wa usalama ufungwe. Taa za breki na indiketa zijaribiwe kabla ya safari, na viakisi viwepo. Mkia ukianza kucheza, usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, acha gari lipunguze mwendo lenyewe.

Mwisho ni karatasi. Hapa niseme wazi, maana watu huja ofisini kwetu bure. Kaunti hutoa kibali cha biashara. Nambari za trela, zile zinazoanza na herufi Z, hutolewa na NTSA, na huduma zake zinapatikana kupitia eCitizen. Ukibadilisha umbo la trela, NTSA ijue. Waulize pia kama daraja la leseni yako linaruhusu kuvuta trela. Wengi hununua trela la boti kwa mwenye nyumba ya likizo anayehama, bila karatasi yoyote. Dai hati ya umiliki kabla ya kutoa pesa. Na fundi, ile nambari iliyochongwa kwenye fremu usiisage. Bila hiyo, huwezi kuthibitisha kwamba hukununua mali ya wizi.

Najua kinachowauma. Fundi akimwambia mteja, "Chuma hiki kimekufa, sikichomelei," mteja huenda kibanda cha pili. Kodi ya kibanda haingoji. Sina dawa ya hilo. Ninachowaomba ni mkubaliane hapa, ninyi wenyewe, kwamba trela lililokataliwa na mmoja kwa kutu halitapokelewa na mwingine. Mkiwa na sauti moja, mteja hana pa kukimbilia ila kununua chuma kizuri, na kazi inarudi kwenu.

Trela la mjomba liliuzwa kama chuma chakavu. Binamu alipata jingine, akalikagua kwa nyundo mbele yangu, na sasa hubeba kwadi mbili tu. Amepoteza mteja mmoja kila safari. Anasema analala.

Maswali sasa, na ya kiufundi yaende kwa fundi mzee aliyeketi pale mbele, si kwangu.