Uraibu wa Mwanafunzi: Mbawakawa wa Cambridge

Wale waliokulia Afrika Mashariki katika enzi za barua watazikumbuka kurasa za marafiki wa kalamu katika magazeti na majarida ya vijana. Kila kijana alitaja jina lake, umri wake, sanduku lake la posta, na mwisho kabisa uraibu wake: kukusanya stempu, kusikiliza redio, kusoma hadithi, kuandikiana barua. Neno hilo, uraibu, lina sura mbili. Ni jambo alipendalo mtu kwa ajili ya kujistarehesha. Na tena ni kile ambacho mtu hawezi kukiacha, kama vile tambuu, tumbaku au dawa za kulevya. Mzazi anayemwona mwanawe akimaliza siku nzima katika jambo lisilokuwamo katika mtihani hujiuliza swali lililojificha ndani ya neno lenyewe: je, hii ni starehe, au ni maradhi?

Swali hilo lilimtia wasiwasi tabibu mmoja wa mji wa Shrewsbury, nchini Uingereza, takriban miaka 200 iliyopita. Tabibu huyo aliitwa Robert Darwin, na mwana aliyemtia wasiwasi aliitwa Charles. Dunia inamjua Charles Darwin kwa kitabu chake juu ya asili ya viumbe, kilichotoka mwaka 1859, ambacho hadi leo kina wanaokiunga mkono na wanaokipinga. Makala ya leo hayaingii katika mabishano hayo. Yanamhusu mwanafunzi: kijana aliyeishi kwa fedha za baba yake, akaacha masomo ya kwanza, akayatia ulegevu ya pili, na akawafuata wadudu.

Charles alizaliwa tarehe 12 Februari mwaka 1809, akafiwa na mama yake mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka minane. Tangu utotoni alikuwa mkusanyaji. Alikusanya makombe ya baharini, sarafu, mawe, na hata mihuri ya lakiri iliyobanduliwa kwenye barua. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Shule ya bweni ya Shrewsbury ilithamini zaidi Kilatini na Kigiriki. Charles alikariri beti za washairi wa kale asubuhi, na baada ya siku mbili zilikuwa zimemtoka zote. Elimu aliyoipenda ilikuwa nyumbani, katika kibanda cha zana kilichokuwa bustanini, ambamo yeye na kaka yake Erasmus walitengeneza maabara ndogo ya kemia. Habari zilipofika shuleni, wenzake wakampachika jina la Gesi, na mwalimu mkuu akamkaripia hadharani kwa kupoteza wakati katika mambo yasiyo na faida. Baba yake naye alimwambia maneno makali ambayo Charles hakuyasahau hata uzeeni: kwamba bunduki, mbwa na kunasa panya ndivyo vilivyomteka, na kwamba mwisho wake ni kuitia aibu jamaa nzima.

Mwaka 1825, akiwa na umri wa miaka 16, alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, kazi ya baba yake na ya babu yake. Udaktari ulimshinda. Siku hizo dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa kupasuliwa ilikuwa haijaanza kutumika. Charles alihudhuria upasuaji mara mbili, mara moja mgonjwa akiwa mtoto mdogo, na mara zote mbili alikimbia kabla kazi haijamalizika.

Hata hivyo, katika mji huohuo alipata mwalimu ambaye hakuwamo katika orodha ya maprofesa. John Edmonstone alikuwa mtu mweusi kutoka Guyana, aliyezaliwa utumwani na baadaye akapata uhuru wake. Alijipatia riziki Edinburgh kwa ufundi wa kuchuna ndege waliokufa, kuwakausha na kuwajaza ili wabaki na umbo lao la uhai. Charles alimlipa gini moja, akaenda kwake kila siku kwa muda wa miezi miwili hivi, akajifunza ufundi huo na kuzungumza naye kwa saa nyingi. Baadaye aliandika kwamba mwalimu huyo alikuwa mtu mwenye kupendeza na mwenye akili. Katika daftari za chuo, somo hilo halikuhesabiwa kuwa somo.

Mwaka 1827 Charles aliondoka Edinburgh bila shahada. Baba yake akaamua kwamba, kwa kuwa udaktari umeshindikana, basi na awe kasisi wa Kanisa la Anglikana. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1828 kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwanza alipanga vyumba mjini, juu ya duka la muuza tumbaku, kisha akahamia katika vyumba vya chuo cha Christ's.

Maisha yake ya kila siku yanajulikana vizuri, kwa kuwa mwaka 2009 chuo hicho kilitangaza kupatikana kwa hesabu zake za wakati ule. Humo yumo dobi, yumo mng'arisha viatu, yumo kinyozi, yumo mshonaji, yumo msafisha dohani, yumo muuza makaa. Kila siku alilipa peni tano na nusu za ziada ili apate mboga pamoja na nyama yake ya jioni. Kwa jumla alitumia zaidi ya pauni 600 katika muda wa miaka mitatu, kiasi kikubwa mno kwa siku zile. Chumbani mwake alikuwa akifanya mazoezi ya shabaha kwa bunduki isiyokuwa na risasi, yenye fataki tu: rafiki alipunga mshumaa uliowashwa, naye alijitahidi kuuzima kwa upepo wa fataki ile. Mlezi mmoja wa chuo, aliposikia milio hiyo akiwa nje, alidhani kwamba bwana Darwin hutumia saa nyingi kupiga mjeledi hewani. Pamoja na rafiki zake aliunda pia chama cha kula wanyama na ndege ambao watu hawajazoea kuwala. Walimla mwewe, lakini walipofika kwa bundi mzee, hamu ya chakula iliwaishia.

Uraibu uliomteka kuliko wote ulikuwa mbawakawa, wadudu wale wenye mabawa magumu kama kifuniko cha sanduku. Aliyemwingiza humo alikuwa binamu yake, William Darwin Fox, mwanafunzi wa chuo hichohicho. Wakati wa baridi Charles alimwajiri mtu wa kukwangua kuvumwani kwenye miti mikongwe, na kumkusanyia takataka zilizobaki chini ya mashua zilizoleta matete kutoka kwenye vinamasi. Aliwachomeka wadudu wake kwa pini na kuwatafutia majina yao. Mtaalamu James Stephens alipochapisha kitabu chake juu ya wadudu wa Uingereza, ndani yake yalikuwamo maelezo kwamba mdudu fulani amekamatwa na bwana C. Darwin. Charles alikiri baadaye kwamba hakuna mshairi aliyefurahi zaidi kuona shairi lake la kwanza limechapwa.

Siku moja, katika kubandua gamba la mti, aliwaona mbawakawa wawili wa aina adimu, akamshika mmoja kwa kila mkono. Mara akamwona wa tatu, wa aina nyingine mpya. Hakutaka kumkosa. Alifanya nini? Alimtia kinywani yule aliyekuwa katika mkono wa kulia, ili mkono huo upate nafasi. Mdudu akatoa maji makali yaliyomchoma ulimi. Charles akamtema, akampoteza, na yule wa tatu naye akatoroka. Waswahili walikwisha kusema: mshika mawili, moja humponyoka. Mshika matatu, kama alivyoonja Darwin, huponyokwa na mawili.

Lakini je, mambo hayo yalikuwa na manufaa gani? Darwin mwenyewe hakujisifu. Alisema kwamba wakati ule alikuwa na tamaa ya kukusanya tu. Hakuwapasua wadudu wake wala kuwalinganisha kwa makini na maelezo ya vitabuni. Faida iliyopatikana ilikuja kwa njia nyingine. Kwa ajili ya uraibu wake alijulikana kwa John Stevens Henslow, profesa wa elimu ya mimea, aliyefungua nyumba yake kila Ijumaa jioni kwa wanafunzi na walimu wenye kupenda elimu ya viumbe. Karibu kila siku wawili hao walionekana wakitembea pamoja, hata wengine wakamwita Charles yule mtu anayetembea na Henslow. Januari mwaka 1831 alifanya mtihani wake, akatokea wa kumi miongoni mwa wanafunzi wa shahada ya kawaida. Si vibaya, lakini si ajabu.

Tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, aliporejea nyumbani kutoka matembezi ya kuchunguza miamba huko Wales, alikuta barua ya Henslow. Meli ya serikali, Beagle, ilikuwa inakwenda kupima pwani za Amerika ya Kusini, na nahodha wake, Robert FitzRoy, alitaka mwenzi msomi mwenye kupenda elimu ya viumbe, atakayesafiri kwa gharama zake mwenyewe. Henslow alieleza waziwazi kwamba hakumpendekeza Charles kwa kumwona ni mtaalamu aliyekamilika. Alimpendekeza kwa sababu anajua kukusanya, kuangalia na kuandika aliyoyaona. Kwa maneno mengine, kilichomfikishia barua hiyo hakikuwa Kigiriki, wala udaktari, wala elimu ya dini. Kilikuwa ule uraibu.

Daktari Robert Darwin alikataa. Sababu zake zilikuwa nyingi: safari ni ya kipuuzi, haimfai kasisi mtarajiwa, bila shaka wengine wameikataa kwa hiyo lazima ina kasoro, na kijana hatatulia tena katika kazi yoyote. Hata hivyo, aliacha mlango wazi kidogo. Alisema kwamba akitokea mtu mmoja mwenye busara wa kuiunga mkono safari hiyo, naye ataridhia. Charles alimwandikia Henslow kwamba haendi, kisha akafunga safari kwenda kwa mjomba wake, Josiah Wedgwood. Charles aliziandika pingamizi zote nane, mjomba huyo akazijibu moja baada ya nyingine, kisha akafuatana na mpwa wake hadi Shrewsbury. Baba akakubali, akagharamia. Charles, akikumbuka madeni ya Cambridge, alimwambia baba yake kwamba itahitaji ujanja mwingi mtu kutumia fedha kupita kiasi akiwa ndani ya meli. Mzee akatabasamu, akamjibu kwamba anaambiwa mwanawe ni mjanja sana.

Beagle iling'oa nanga tarehe 27 Desemba mwaka 1831, ikarejea Uingereza tarehe 2 Oktoba mwaka 1836. Ufundi wa John Edmonstone ulimsaidia Darwin kuwahifadhi ndege wa Amerika na wa visiwa vya Galapagos. Hata hivyo, tabia ya ukusanyaji wa haraka haikumwacha. Huko Galapagos hakuandika vizuri ni ndege yupi ametoka kisiwa kipi, na baada ya kurudi ilimlazimu kutazama mikusanyo ya wenzake wa melini, walioandika kwa uangalifu zaidi. Uraibu humfikisha mtu mlangoni. Kuingia ndani kunataka nidhamu.

Ipo haki ya kusema jambo jingine. Charles alikuwa mtoto wa tajiri. Mzazi wa Kiswahili aliyeko London, Maskati au Minneapolis, anayefanya kazi mbili, analipa karo na kutuma fedha nyumbani kila mwezi, hana pauni 600 za kumtazamia mwana akikimbiza wadudu. John Edmonstone, aliyekuwa na ufundi kuliko mwanafunzi wake, hakuna aliyemwandikia barua ya kumwita katika meli. Kwa hiyo kisa hiki hakimaanishi kwamba kila mtoto aachwe afanye apendavyo. Tabibu Robert alikaripia, akalipa, akaweka sharti, na sharti lilipotimizwa akatimiza ahadi yake. Labda ubora wake mkubwa ni huo wa mwisho: alikubali kushindwa kwa hoja.

Mwaka 1862 mambo yaligeuka. Leonard, mwana wa Charles mwenye umri wa miaka 12, aliugua homa kali iletayo vipele vyekundu. Mtoto huyo alikuwa na uraibu wake: kukusanya stempu. Baba yake, ambaye sasa alikuwa mwanasayansi mashuhuri, alimwandikia rafiki yake Asa Gray, profesa wa mimea katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, barua zenye mambo mazito ya elimu yao. Na ndani yake akaomba stempu za Kimarekani kwa ajili ya mgonjwa wake. Stempu zilikuja, na Leonard alipona, akaishi hadi mwaka 1943.

Hapo ndipo swali la mwanzo linaporudi. Iwapo usiku wa leo kuna kijana chumbani mwake na sarafu zake, au redio yake kuukuu, au daftari la majina ya ndege wa mtaani, huenda ni starehe na huenda ni maradhi. Njia iliyo rahisi ya kujua ni kugonga mlango, kuketi kando yake, na kumwomba aeleze alichokipata leo.