HAKI YA MFANYA KAZI ALIYE KOROKORONI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Machakos)



Leo hatusemi habari za mishahara. Twasema habari za mwenzetu aliyetoka kazini jioni asifike nyumbani, kwa kuwa amefungiwa korokoroni. Kule ndani, mwenye ufunguo ndiye mwenye kuandika kitabu, na ndiye shahidi wa yote. Akisema, "Mtu huyu alijiumiza mwenyewe," nani atambishia? Kwa hiyo lazima liwepo jicho jingine, la mtu asiye chini ya amri ya polisi.

Mambo haya hayakutokea ng'ambo. Yalitokea hapa hapa Machakos. Josephat Mwendwa alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi na askari, kisha akashtakiwa yeye. Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko yake kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia kazi ya polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tarehe 23 Juni 2016 alikwenda mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake, Willie Kimani, na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Walipotoka walikamatwa, wakafungiwa katika kambi ya polisi ya Syokimau. Karatasi ndogo ya kuomba msaada ilitupwa nje. Haikuwaokoa. Maiti zao zilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kati ya watatu hao, wawili walikuwa madereva, watu wa jasho kama sisi.

Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja, na Februari 2023 wakahukumiwa. Haki ilikuja, lakini ilikuja baada ya miaka zaidi ya 6.

Tena Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema aligonga kichwa ukutani. Madaktari walioichunguza maiti walikataa maneno hayo. Ndugu, kama jicho la pili lisingalikuwapo, uongo ule ungaliandikwa kitabuni kuwa ndiyo kweli.

Sheria tunayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoifahamu, aruhusiwe kusema na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Kama saa hizo zinaishia siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama ifuatayo. IPOA ina haki ya kuingia vituoni na kukagua vyumba vya mahabusu, na polisi wanapaswa kuiarifu mtu akifa au akiumizwa vibaya mikononi mwao.

Lakini IPOA haiwezi kulala katika kila kituo, na sheria iliyo kabatini haimfungulii mtu mlango. Saa za kwanza ndizo za hatari, na katika saa hizo jicho la karibu ni letu sisi. Basi tunaagana hivi:

Kwanza, mwenzetu akikamatwa, waende kituoni watu wawili siku ile ile, wala si mmoja.

Pili, waulize namba yake katika kitabu cha matukio, waandike saa, siku na jina la kituo.

Tatu, wakiambiwa hayupo, wasirudi nyumbani kulala. Wamtafute wakili, waiarifu IPOA. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru mtu aletwe mbele yake.

Wengine watasema, "Mwizi naye je?" Twajibu: mwizi ahukumiwe na hakimu. Ukimruhusu askari kumpiga mwizi gizani, umemruhusu akupige wewe pia, maana gizani hapana wa kutupambanua.

Wala hatumchukii askari. Naye ni mfanya kazi. Askari mwema haogopi kukaguliwa; ukaguzi ndio shahidi wake siku atakaposingiziwa.

Ndugu, mgomo hauvunjwi tukishikana. Na mtu hapotei gizani akijua ya kuwa wenzake wamesimama mlangoni, wanamwulizia kwa jina.