Hukumu ya La Haye na liste ya Kisangani: maneno yetu kwa wahanga wa Vita ya Siku Sita



Hatukukuja kuwapa pole. Pole mumeshapewa kila mwaka. Tumekuja kuongea juu ya hukumu moja iliyotolewa mbali, na jina lako ambalo labda haliko kwenye liste.

Vita yenyewe munaijua kuliko sisi. Kuanzia tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana hapa mujini, raia katikati. Wengi wetu tulikuwa watoto chini ya kitanda. Wengine hatukuwa tumezaliwa. Tarehe 16 Juni, Baraza la Usalama la ONU, katika azimio 1304, lilisema inchi hizo mbili zilipe hasara ya Kisangani. Azimio lile peke yake halikuleta hata franga moja. Ikabaki njia ya mahakama.

Kongo ikashitaki. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ina kosa. Kwa Rwanda, tarehe 3 Februari 2006, mahakama ileile ilisema haina uwezo wa kusikiliza kesi. Sasa fikirini: bombe mbili zilianguka kwenye avenue moja, moja ina hukumu, ingine haina. Mama aliyepoteza mutoto hakupata nafasi ya kuuliza bombe ilitoka upande gani. Sisi tunakataa mtu amuulize leo.

Halafu, tarehe 9 Februari 2022, hesabu ikatoka: dola milioni 325. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya miliari 11. Milioni 225 ni za watu, 40 za mali, 60 za utajiri wa inchi. Uganda ilipe mara 5, milioni 65 kila Septemba, toka 2022 mpaka 2026.

Hapa njo wengi wanachanganyikiwa. Hukumu ile ni kati ya Serikali na Serikali. Feza inapokelewa na Serikali ya Kongo, na FRIVAO, yenye makao hapahapa Kisangani, njo inapaswa kuwagawia wahanga. Kwa hiyo kesi yako haikuisha La Haye. Inaendelea kwenye dirisha la biro, mbele ya mtu mwenye kalamu.

Lakini wale majuji waliandika jambo ambalo viongozi hawapendi kulisoma kwa sauti. Waliandika ahadi kwamba feza itagawanywa kwa haki, chini ya usimamizi wa vyombo ambamo wahanga na mashirika ya raia wana wajumbe wao. Basi tukiomba kuona hesabu, hatufanyi fujo.

Na sababu ya kuiomba iko. Tarehe 2 Septemba 2025, kule Kinshasa, Mahakama ya Kasasyon ilimuhukumu waziri wa zamani wa Haki miaka 3 ya kazi ngumu, ju ya dola kama milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana. Feza ile ilitoka kwenye akaunti ya FRIVAO. Kumuhukumu waziri ni kitu kimoja, muhanga kulipwa ni kitu kingine.

Tunadai liste ibandikwe katika komini zote sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Watu wa ngambo wasilipe pirogi ili kutafuta jina. Anayekataliwa apewe jibu la maandishi lenye sababu, maana jibu la mudomo huwezi kulipeleka mbele ya juji.

Tena, kuna mwenye alimuzika mtu wake ndani ya parseli, haraka, bila karatasi. Usikate tamaa. Sheria ya familia inaruhusu tribinali ya amani kutoa hukumu inayosimama pahali pa hati ya kifo, kwa ombi la kawaida. Ni hukumu ndogo, haitasikika kwa radio. Kwa mujane mumoja wa Mangobo inaweza kufungua mulango ambao ile ya La Haye haikufungua.

Mutu akikuomba franga ili aingize jina lako, usitoe. Njoo utuambie.

Tukimaliza hapa, wenzetu watakaa kwenye meza ile chini ya muembe na daftari, avenue kwa avenue. Leteni chochote mulichobaki nacho: picha, karatasi ya hospitali, jirani aliyeona.