Vyuma Mguuni, Usikimbilie Uwanjani

Leo nazungumza nawe kijana wa Mbulu, Dongobesh, Katesh au Bassotu uliyevunjika mguu, ukafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma, pengine pale Hospitali ya Haydom, na sasa unasikia filimbi ya mpira inakuita.

Kidonda kupona juu si mfupa kuunga ndani. Chuma kinashikilia tu. Unaouunga mfupa ni mwili wenyewe, na mfupa wa ugoko mara nyingi huchukua miezi 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Sigara huuchelewesha. Kwa hiyo maumivu yakiisha, subiri kwanza daktari aitazame picha ya eksirei.

Najua hapa kwetu tunamuenzi John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu aliyemaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico City mwaka 1968, goti likiwa limeumia na kufungwa bandeji. Lakini zile zilikuwa saa chache za siku moja. Wewe una miezi ya kuvumilia.

Ukiruhusiwa, anza kutembea kwenye tambarare, si miteremko ya Mlima Hanang. Kisha shika ukuta, simama kwa mguu uliopasuliwa, inua kisigino polepole. Ukitetemeka, msuli uliosinyaa bado unadai mazoezi. Kukimbia baadaye; kugombea mpira mwisho kabisa.

Mguu huo usikandwe wala kuvutwa na mtu kienyeji. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au kigimbi kikivimba ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo.